Uroho au Ugonjwa?

Katika nyumba niliyolelewa, chakula hakikusemwa vibaya. Mama yetu hakumruhusu mtoto kuuliza "leo mboga gani?" kwa sauti ya kudharau, na tonge likidondoka mkekani liliokotwa, likapulizwa, likaliwa. Sikuona ajabu, kwa kuwa nyumba zote za jirani zilikuwa hivyo. Baadaye, nikiwa mwalimu kijana, ikaja njaa ya mwaka 1974, tukala unga wa yanga uliotoka ng'ambo na tukashukuru. Zikaja tena foleni za miaka ya themanini, za sukari na sabuni na unga, ambapo mtu mzima mwenye shahada yake alisimama tangu alfajiri kwa ajili ya kilo mbili. Nayasema haya mwanzoni ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyeketi katika kiti cha mkuu wa chuo mwaka 1994, na kwa nini mtu huyo, alipoambiwa kwamba binti mmoja chuoni kwake anakula chakula kisha anakitapika kwa makusudi, hakuuliza swali la pili.

Chuo chetu kilikuwa cha ualimu wa Daraja la IIIA. Wanachuo walikunywa uji asubuhi, wakala ugali na maharage mchana na jioni, na wali siku za sikukuu. Ilianza kwa sukari ya uji kupungua stoo. Kisha kikawa kinapotea kiporo cha ugali kilichowekwa jikoni kwa ajili ya walinzi wa usiku. Wiki hizo hizo matroni wetu, mama mtu mzima aliyeheshimika sana, akanijia ofisini, akafunga mlango.

"Mkuu, kuna binti wa mwaka wa pili anatapika kila baada ya chakula cha jioni. Nimemsikia chooni mara nne. Na mashavu yamemvimba, utadhani ana matubwitubwi."

Tulitazamana. Hapakuwa na haja ya kumalizia sentensi. Kwa kanuni za wakati ule, mwanachuo mwenye mimba alifunga sanduku lake akaenda kwao. Tukampeleka zahanati, na jibu likarudi kwamba hana mimba. Sina budi kukiri kwamba nilipopata jibu lile nilishusha pumzi, nikaliweka jambo kando. Haikunijia kuuliza: kama si mimba, basi anatapika nini?

Hazikupita wiki mbili mlinzi akamkuta jikoni saa nane usiku, amechuchumaa gizani na sufuria, anakula ugali mkavu kwa mikono miwili. Mlinzi yule alikuwa mtu mpole. Mbele ya kamati ya nidhamu alisema kwamba yeye mwenyewe aliingiwa na hofu. "Mkuu, hakuwa akila kama mtu mwenye njaa. Alikuwa akila kama mtu anayekimbizwa." Maneno hayo hayakuandikwa katika kumbukumbu za kikao. Karani aliandika kwamba mtuhumiwa alikamatwa na kidhibiti.

Binti hakuwa mwembamba wala mnene. Lau angekuwa amekonda, nadhani mmoja wetu angesema labda anaumwa. Alikuwa wa kawaida tu, nadhifu, mwenye alama nzuri kuliko wengi. Mwalimu mmoja akamwuliza kama haoni haya kula chakula cha watu kisha kukitupa chooni. Akajibu kwa sauti ndogo: "Nikianza siwezi kuacha, Mwalimu. Na nikishakula siwezi kukaa nacho."

Tuliona ni kiburi. Nikamwambia maneno ambayo siku ile niliyaona ya hekima: "Mkono ni wako, binti. Hakuna anayeusukuma." Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Tulimsimamisha masomo kwa muhula mmoja kwa wizi na utovu wa nidhamu, naye hakurudi tena. Alipoinama kutia saini barua yake nikaona juu ya vifundo vya vidole viwili vya mkono wake wa kulia ngozi ngumu iliyobadilika rangi, kama sugu. Nikadhani ni moto wa jikoni.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba 1995, magazeti yalieleza jinsi Diana, mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, alivyosema katika mahojiano ya televisheni kwamba kwa miaka kadhaa aliugua maradhi ya kula kupita kiasi na kujitapisha. Nililisoma kwa sauti katika chumba cha walimu. Tukacheka. Mmoja akasema shida za watu walioshiba. Katika chumba kile tulikuwamo watu watatu tulioketi katika kamati ile, na hakuna kati yetu aliyekumbuka cho chote.

Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kukumbuka, na aliyenikumbusha alikuwa daktari wa meno. Mwaka 2016, nikiwa nimekwisha kustaafu, nilimsindikiza mjukuu wangu wa kiume, mtoto wa binti yangu wa pili, aliyekuwa kidato cha tano na analalamika meno yanamwuma akinywa maji baridi. (Ameniruhusu kuandika habari hizi, kwa sharti nisitaje jina lake.) Daktari, kijana wa miaka thelathini na kitu, alimulika kinywa kwa muda mrefu. Akaniuliza kama mjukuu hunywa soda sana. Nikasema hapana. Akanyamaza, akaweka kioo chake chini, kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa daktari wa meno: akaushika mkono wa kulia wa kijana, akaugeuza, akautazama mgongoni.

"Ulianza lini, mdogo wangu?"

Mjukuu wangu, ambaye hakulia hata tulipomzika bibi yake, alilia. "Tangu kidato cha pili," akasema. Shuleni walikuwa wakimwita Bonge.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha pembeni, kofia magotini. Niliuona mkono ule. Nilikuwa nimeuona kabla, juu ya meza yangu, umeshika kalamu yangu.

Daktari alitueleza bila kuficha. Asidi ya tumbo, ikipita kinywani mara kwa mara, hula tabaka gumu la meno, hasa upande wa ndani wa meno ya juu ya mbele. Tezi za mate huvimba, ndipo mashavu hufura. Sugu zile hutokana na vifundo vya mkono kukwaruza meno. Madini ya potasiamu hupungua mwilini, na moyo usiokuwa na potasiamu ya kutosha waweza kupiga ovyo au kusimama ghafla. Kwa hiyo kijana akapelekwa kupimwa damu siku ile ile.

Maradhi yenyewe huitwa bulimia. Neno hilo ni la Kigiriki, lililofanywa kwa maneno mawili, ng'ombe na njaa. Yaani njaa ya mtu anayeweza kumla ng'ombe. Kwetu sijapata kusikia jina lake, na nadhani ukosefu huo wa jina ni sehemu ya mkasa, maana kisicho na jina hupewa jina la kitu kingine kilicho jirani. Sisi tulikuwa na majina tele: uroho, wizi, mimba, kiburi. Aliyeyatenga maradhi haya na kuyaeleza kwa ukamilifu alikuwa daktari Gerald Russell wa London, mwaka 1979, kwa kuwafuatilia wagonjwa 30. Sugu za mkono hadi leo waganga huziita kwa jina lake. Basi mwaka 1994, binti yule alipotia saini barua yangu, maradhi yake yalikwisha kuwa na maelezo kamili vitabuni kwa miaka kumi na mitano.

Huwapata akina nani? Nilipokuwa nikicheka mwaka 1995 ningejibu: matajiri, Wazungu, wanawake, na wembamba. Kati ya hayo, lenye ukweli kidogo ni moja tu. Ni kweli wengi wanaojulikana ni wanawake, na aghalabu huanza katika miaka ya ujana. Lakini John Prescott, aliyekuwa naibu waziri mkuu wa Uingereza, mwanamume mnene mwenye ulimi mkali, aliyekuwa mtumishi wa melini kabla ya siasa, alieleza mwaka 2008 kwamba naye aliugua bulimia kwa miaka na kuificha. Wanaume huficha zaidi, kwa kuwa huona haya mara mbili: haya ya maradhi, na haya ya maradhi ya kike. Na kuhusu wembamba, wagonjwa wengi wana uzito wa kawaida, kama binti yule, na ndiyo maana hawaonekani.

Kuhusu Uzungu, kuna habari ya visiwa vya Fiji ambayo imenikaa moyoni kwa sababu watu wake walifanana nasi. Nao, kama sisi, mwili uliojaa waliuona ni dalili ya kutunzwa vizuri. Kumwambia mtu amenenepa ilikuwa salamu njema, kama bibi zetu walivyotuambia tumenawiri. Televisheni iliingia katika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Mtafiti wa Kimarekani, Anne Becker, aliwauliza wasichana wa sekondari mwaka ule, asipate hata mmoja anayejitapisha ili apunguze uzito. Mwaka 1998, miaka mitatu tu baadaye, waliokiri kufanya hivyo walikuwa zaidi ya asilimia 11. Na kwa ye yote atakayesema Fiji ni mbali, mwaka 2007 ulichapishwa utafiti juu ya wasichana na wanawake wa Tanzania, ukaonyesha kwamba shida hizi zimo humu humu, na kwamba kadiri mtu alivyoathiriwa zaidi na picha na mitindo ya Magharibi ndivyo shida zilivyozidi.

Hata hivyo, sitaki kuitwika televisheni mzigo wote. Chuoni kwetu mwaka 1994 hapakuwa na televisheni. Redio ilikuwapo, tena moja.

Rafiki yangu wa siku nyingi, mwalimu mstaafu kama mimi, nilipomsimulia haya alikunja uso. "Mwenzangu," akasema, "wangeonja njaa ya mwaka sabini na nne wangepona wote." Ningekuwa mkuu wa chuo bado, ningekubaliana naye. Lakini wakati huo nilikuwa nimekwisha kusoma habari za wale vijana wa Minnesota, nikamsimulia. Novemba 1944, vita vikielekea ukingoni, mwanasayansi Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachukua vijana 36 wenye afya ili ajue njaa humfanya nini mtu na jinsi ya kumrudishia nguvu. Vijana hao walikuwa wamekataa kupigana vita kwa sababu ya dhamiri zao, na walijitolea kwa hiari. Kwa miezi sita walipewa takribani nusu ya chakula walichozoea. Wakakonda hata kupungukiwa na karibu robo ya uzito wao. Usiku waliota chakula, mchana walikisoma katika vitabu vya mapishi. Mmoja aliyefanya kazi dukani alizidiwa, akala biskuti, bisi na ndizi mbili zilizoiva kupita kiasi, kisha akarudi akiwa amefadhaika na kujilaumu vikali, akatapika. Mwingine aliiba peremende. Na waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula mpaka tumbo likakataa, wakatapika, wakaanza tena, wala hawakuona wameshiba.

Hao ndio watu waliokuwa tayari kutukanwa na nchi yao kwa ajili ya dhamiri. Njaa iliwafanya wezi wa peremende. Rafiki yangu alinyamaza kidogo, akasema, "Lakini hao walinyimwa. Mjukuu wako nani alimnyima?" Nikamwambia alijinyima mwenyewe, na hapo ndipo mtego ulipo. Kijana aitwaye Bonge huacha kula. Mwili haujui kwamba ni yeye aliyeamua. Unajua njaa tu, nao hudai deni lake usiku kwa nguvu kubwa. Akishakula vile, hofu na aibu humshika, hujitapisha, na kesho hujinyima zaidi ili alipize. Adhabu anayojipa ndiyo inayorudisha kosa. Nami kwa barua yangu niliongeza adhabu nyingine juu ya ile.

Sasa nirudi kwenye neno langu la siku ile, kwamba mkono ni wako. Nimelifikiri miaka mingi. Mtu hajiambukizi malaria kwa kidole chake, lakini bulimia ni matendo matupu: mtu ananyanyuka, anafungua mlango, anakula, anajifungia chooni. Falsafa niliyofundishwa, nami nikaifundisha, inasema tendo la hiari hustahili sifa au lawama. Aristotle aliandika juu ya mtu ajuaye lililo jema, kisha akashindwa na tamaa. Nilizoea kulieleza hilo darasani kwa mfano wa mlevi. Lakini mlevi wa mfano wangu alau hupata raha ya bilauri ya kwanza. Mjukuu wangu aliniambia kwamba hakuwa hata akihisi ladha. "Babu, ni kama kuna mtu mwingine anakula, mimi nimesimama mlangoni nikimwomba aache." Sijui falsafa yetu ya darasani ingemweka wapi mtu huyo aliyesimama mlangoni. Mimi nilimfukuza chuo pamoja na yule aliyekuwa anakula.

Wala sisemi kwamba ugonjwa hufuta kila kitu. Kiporo kile kilikuwa cha walinzi, na usiku ule walinzi walikesha na njaa. Wangeweza kuniuliza: na sisi je? Wangekuwa na haki. Chakula kilipaswa kulipwa, mlango wa jiko kutiwa kufuli, na binti kuambiwa wazi kwamba amewakosea watu. Haya yote yaliwezekana bila kumfukuza. Kulikuwa na maswali mawili mezani, moja la kiporo na jingine la binti, nami niliyajibu yote kwa jibu moja kwa sababu saa ya chakula cha mchana ilikaribia.

Wapo walionifariji kwamba nisijilaumu, mwaka 1994 nani alijua bulimia? Nakubali udhuru wa kutojua. Lakini sikuhitaji kulijua jina. Nilikuwa na binti anayetapika bila mimba, mashavu yaliyovimba, ushuhuda wa mlinzi, na ule mkono. Tena nilikuwa na maneno yake mwenyewe. Kwa miaka mingi, katika baraza la asubuhi, niliwatahadharisha wanachuo kwa methali kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Binti yule hakuficha. Aliyasema mbele ya watu saba, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na sisi tukampa adhabu kwa kuyasema.

Mjukuu wangu alitibiwa mwaka mzima na zaidi. Nilidhani dawa itakuwa kumzuia asile ovyo. Kumbe mshauri wake alianza kwa kumtaka ale: asubuhi, mchana, jioni, na kitu kidogo katikati, kwa saa zake, hata kama hana hamu, na aandike alichokula na alichohisi. Njaa ya mchana ikiondoka, ile ya usiku hupungua nguvu. Kisha ndipo wakazungumza juu ya Bonge na mengineyo ambayo hayanihusu. Baadaye akaongezewa na vidonge vya fluoksetini. Wazee wetu walisema mgonjwa haulizwi uji, nami kwa mara ya kwanza nikaona methali ile ikitumika kwa mgonjwa ambaye uji wenyewe ndio unaomtisha. Binti yangu alikuwa akikaa naye mezani nusu saa nzima baada ya kula, wakicheza karata, ili asinyanyuke. Wakati wa mitihani ya kidato cha sita alirudia mara mbili. Hakupigiwa kelele. Sasa anafanya kazi, na anasema ugonjwa umelala.

Mwaka 2017 nilikwenda chuoni kwetu wa zamani, nikamwomba karani wa masijala anitafutie jalada. Alinistahi kwa ajili ya mvi zangu, akalitafuta siku mbili. Barua ilikuwamo, saini yangu chini, yake chini ya yangu, wino wake umefifia zaidi. Anwani ilikuwa sanduku la posta la misheni moja. Niliandika kurasa nne kwa mkono, nikazituma. Baada ya miezi miwili bahasha ilirudi imeandikwa "Hajulikani".

Nilimwonyesha mjukuu wangu. Akaifungua, akaisoma yote, akairudisha taratibu mezani.

"Babu," akasema, "umeandika 'nilikosea' mara tano. Hujamwuliza anaendeleaje."

Niliiandika upya jioni ile. Ipo katika droo, maana anwani nyingine sina.